Pepo Aliyetaka Kuolewa na Pweza

Mjukuu wangu ana kisukari tangu hajavunja ungo. Anajidunga sindano mwenyewe tumboni huku anasimulia umbea. Mimi nikiiona tu hiyo sindano, nageuza uso ukutani. Pande zote hizi hakuna binti kama yule, na aliye naye amtoe tumwone.

Kosa lake siku ile ni kuiamini pilau ya arusi. Alisikia harufu, akajidunga sindano yake ya kushusha sukari, ambayo haitaki tumbo tupu, akakaa jamvini kungoja sahani. Mtoto wa shule huyo! Pilau ya arusi huku kwetu inanukia asubuhi, inaliwa alasiri.

Mara namwona anamwamkia mbuzi. "Shikamoo." Mbuzi anatafuna. "Shikamoo, nimesema!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana mzaha kaurithi kwangu. Kisha nikaona jasho linamtiririka, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto unaning'inia kama wa kuazima. Kicheko kikanikauka.

Shoga yangu, ambaye hata mtu akipiga chafya yeye anaona jini, akaja mbio na chetezo cha ubani.

"Kapandwa! Ewe bwana mkubwa, wataka nini?"

"Nataka kuolewa na pweza," akajibu mjukuu wangu.

"Wa baharini huyu! Pweza mbichi au mkavu?"

"Hebu nitolee moshi wako!" nikamwambia. "Sukari imemwisha, ubongo una njaa. Daktari alinionya: tukichelewa ataanguka degedege, au akili isimrudie yote."

"Pepo ukimkatiza anaua, shoga."

"Na aue!"

Nikavamia jiko la chai, nikachota sukari, nikamsugua nayo fizi na ndani ya shavu, kidogokidogo asije akapaliwa. Akaning'ata kidole. Sikukitoa. Mdomo wangu unasoma Yasini, kidole kinaliwa, na shoga pembeni bado anamwahidi pepo kitambaa chekundu.

Alipoanza kumeza vizuri nikamnywesha chai tamu. Mdomo ukanyooka taratibu.

"Mimi nani?" nikamuuliza.

Akanitazama mdomoni.

"Mke mwenzangu," akasema. "Kizee, meno mawili. Babu hakutaki tena, ananitaka mimi."

Nikalia. Tusi lake la siku zote, zima, halijapungua hata neno!

Mkono ulikuwa mzito bado, tukampeleka kituo cha afya kwa bodaboda, nishamlisha wali wa jikoni kwa kiganja changu, nimemshika kiuno kwa mkono mmoja. Njia nzima ananitukana, nami nawapungia watu: msikieni, wangu huyo!