Baba mkwe anakuja kwenye mhadhara wangu, na ramani ya ng'ombe wake sijaifuta

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi naipokea. Ficha jina langu na la chuo. Ifakara najulikana hadi na madereva wa bajaji.

Nina miaka hamsini na moja, mzaliwa wa kijiji cha Mbingu, huku bondeni kwetu Ifakara, baba wa watoto watatu. Nafundisha uhandisi wa kompyuta chuo kikuu huko Dar es Salaam, na mwaka huu nimepandishwa kuwa profesa kamili. Kwetu ni Wandamba, wakulima wa mpunga. Mke wangu ni Msukuma, baba yake alihamia bondeni na mifugo mke wangu akiwa bado mtoto. Mnaojua bonde hili mnajua wakulima na wafugaji tunavyoishi. Ndoa yetu ilisemwa sana pande zote mbili, na aliyeitetea ni baba mkwe peke yake. Ndiyo maana aibu niliyonayo leo inaninyima hata hamu ya kula.

Utafiti wangu ulitokana na ugomvi huo huo. Nilitengeneza mkanda wa kumvalisha ng'ombe shingoni, una kifaa kinachoonyesha mahali alipo, ili kundi likisogelea mashamba simu ya mwenye ng'ombe ilie kabla mpunga haujaliwa. Wafugaji walinikatalia katakata, wakasema nataka kuwachunguza. Baba mkwe akasema ataanza yeye, na baadaye wengine wakamfuata.

Sasa niwaeleze msiojua. Mfugaji wa Kisukuma hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine anawaweka kwa rafiki, wengine kwa shemeji, mbali, ili ugonjwa ukipiga huku wa kule wapone. Wako kwa nani, haulizwi. Hata watoto wake wa kuzaa wanaweza wasijue. Mzee huyu alinichukua kwa bodaboda hadi Masagati, akawa ananionyesha ng'ombe wake mmoja mmoja tukiwavalisha mikanda. Aliniambia, "Mkwe, huku sijawahi kumleta mtu." Nikamwahidi kwamba taarifa zile ni za kuonya tu, hakuna atakayeziona.

Mwezi uliopita tukaitisha kikao Ifakara kuwaonyesha wakulima, wafugaji na viongozi wa vijiji matokeo. Kwenye ramani yangu ng'ombe wa kila mtu walikuwa na rangi yao, na jina la mwenyewe pembeni. Kuyaficha majina ni kazi ya dakika chache, wanafunzi wangu nawafelisha kwa kosa hilo hilo. Lakini ramani yenye majina inapendeza, na mimi, niseme ukweli, napenda kupigiwa makofi. Nikaiwasha ukutani. Rangi nyekundu ya baba mkwe ikatapakaa bonde zima.

Ukumbini alikuwemo mdogo wake baba mkwe. Mwaka jana alimwomba kaka yake ng'ombe wa mahari ya mwanawe, akaambiwa waliobaki zizini ni wachache, na kweli alipoangalia zizini walikuwa wachache. Akasimama, akaitazama ramani, akamgeukia kaka yake mbele ya watu. "Kumbe unao," alisema, akatoka nje. Baba mkwe akabaki amekaa, kofia ameishika mapajani, watu wote wanamwangalia. Na mimi, jamani, nikaendelea kueleza betri ya mkanda inakaa muda gani.

Jioni nikamfuata kwake, nikapiga magoti. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alisema ya mdogo wake watayamaliza wenyewe, yeye ana ombi moja tu.

"Ile picha ifute. Isionekane tena popote."

"Nimeshaifuta, baba," nikamjibu.

Sijaifuta. Ramani ile ile ipo kwenye makala niliyotuma kwenye jarida la nje, imekubaliwa na inasubiri kuchapwa. Majina nimeyatoa, ndiyo, ila mtu wa bondeni akiviona vijiji vile hahitaji kusoma jina. Makala hiyo ilihesabiwa wakati napandishwa cheo. Nikiiondoa nitaulizwa kwa nini, na jibu ni kwamba mwenye ng'ombe hakuridhia. Uprofesa wenyewe unaweza kuondoka. Nikajifariji kwamba mzee hasomi majarida ya Kizungu, nikaona yameisha.

Wiki mbili zijazo natoa mhadhara wa kupokea huo uprofesa. Mkuu wa kitivo ameshabandika tangazo mlangoni mwa ukumbi, na kalipamba kwa ramani hiyo hiyo. Mke wangu kamwalika baba yake bila kuniuliza. Hajui kama nilidanganya, anajua tu kwamba nilisamehewa, na tangu siku hiyo ananiheshimu kuliko zamani. Najua wengine mtasema nibandue tangazo, niweke picha nyingine, basi. Nimeshalifikiria hilo, na ndilo linalonitia aibu zaidi, kwamba akili yangu ya kwanza ilikuwa kumdanganya mara ya pili.

Leo asubuhi mzee kanipigia simu. "Mwangaluka, mkwe," akanisalimia kwa Kisukuma kama kawaida yake, nikamwamkia. Akanieleza kwamba wamepatana na mdogo wake, ng'ombe wa mahari ameshawatoa, na wanakuja Dar pamoja. Alimwambia mdogo wake asiwe na kinyongo na mimi, kwani siku ile ile alipoomba picha ifutwe nilikuwa nimeshaifuta kabla hajasema. Akauliza kama naweza kuwawekea viti vya mbele, maana macho yake siku hizi hayaoni mbali.

Nikamwambia, "Vipo, baba."

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza, nimestahili. Mkimaliza nishaurini, namwambiaje mzee huyu kabla hajapanda basi?