Watoto wa Rafuni kwa Mzee Mwinshehe

Harufu ya duka la Mzee Mwinshehe ilikuwa ikikukamata pua ukiwa bado nje: udongo mbichi wa kufinyangia, rangi ya mafuta, karatasi zilizonyeshewa kisha zikaanikwa, na juu ya hayo yote ubani aliofukiza kila Ijumaa na kuuacha ufe wenyewe. Mpaka leo nikipita mahali wanapopaka dirisha rangi, miguu yangu hutaka kukimbia kwanza, halafu ndipo akili inauliza kuna nini. Wenzangu wa kidato cha nne wana kumbukumbu za maana, za kwaya na gwaride na kukabidhiwa skafu. Mimi nina kumbukumbu ya woga, tena woga wenyewe wa sanamu ya udongo yenye urefu wa kidole cha kati. Chekeni tu. Nami hucheka siku hizi, lakini wakati ule sikucheka hata kidogo.

Duka lilikuwa Ng'ambo, hapa Tabora, chumba kimoja chenye dirisha lililotazama barabara ya vumbi inayotoka sokoni. Upande wa kushoto kulikuwa na kamba zilizofungwa ukutani, na kwenye kamba yananing'inia magazeti ya picha, yale ambamo watu husema maneno ndani ya mapovu yanayowatoka mdomoni. Yalifika kwa treni, mengine hayana jalada, mengine yameandikwa kwa lugha ambayo hata Mzee hakuijua, lakini mtu akipigwa ngumi kwenye picha huhitaji kamusi. Hukununua. Ulitoa senti zako ukakaa kwenye benchi ukasoma, baada ya Mzee kukagua vidole vyako kama vina mafuta ya maandazi. Upande wa kulia kulikuwa na rafu moja ndefu, na juu yake msafara mzima wa zamani ukielekea pwani: kirangozi, kiongozi wa njia, mbele na manyoya yake kichwani, mpiga ngoma nyuma yake, kisha wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, wenye robota za nguo, mwanamke mwenye chungu, na punda mmoja aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika. Mzee aliwafinyanga mwenyewe, akawachoma, akawapaka rangi. Watoto wa mjini tuliwakusanya kama wazimu. Mwenye mpagazi mmoja alitembea kama ana shamba. Mwenye kirangozi alikuwa bado hajazaliwa, kwa sababu kirangozi alikuwa hauzwi.

Nilikuwa naenda kila Jumamosi na Maganga. Wazazi wake walilima tumbaku upande wa Goweko, naye alikaa kwa mjomba wake, nyuma ya nyumba yetu kule Isevya, ili asome shule ya mjini. Sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja kwa juu kama chapati iliyokunjwa mara moja, na darasani tulimwambia kwamba maneno ya mwalimu yanaingia yakakwama hapo hapo. Kusoma kulimshinda. Kwa hiyo mimi, Kalunde, nilisoma kwa sauti, yeye akatazama picha, na mkono wake ulikaa juu ya ukurasa ili nisifunue kabla hajashiba. Msimu ule tulikuwa na hadithi moja ya mfululizo, ya mwindaji aliyeachwa akining'inia kwenye kamba juu ya mto wenye mamba, na panya anaitafuna kamba yenyewe. Hapo ndipo ilipoishia. Toleo lililofuata lilikuwa halijafika, nasi tulikuwa tunakwenda kuliulizia kama watu wanaouliza hali ya mgonjwa hospitali ya Kitete.

Sasa niwaeleze jambo ambalo hakuna mtu aliyejisumbua kunieleza mimi. Mzee Mwinshehe alikuwa Mzaramo, aliyekuja Tabora kufanya kazi reli akasahau kurudi. Sisi ni Wanyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi zile za misafara. Wanatukanana mchana kutwa kisha wanakula sahani moja, mmoja anaweza kutwaa kitu cha mwenzake mbele ya macho yake, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Wakubwa wanadhani utani humwingia mtoto pamoja na maziwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa na kila neno nililichukua lilivyo.

"Karibuni, mizigo yangu," alikuwa akituambia tukiingia. "Nani anauzwa pwani leo?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mnawaona hawa rafuni? Walikuwa Wanyamwezi wazima, warefu kuliko mlango huu. Wakagusa vitu vyangu bila ruhusa. Sasa watazame, hata chakula hawaombi."

"Na yule punda?" Maganga akauliza. Maganga alikuwa haogopi, na hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha zaidi.

"Yule alikuwa mwalimu wa hesabu."

Nilicheka kwa mdomo. Ndani nilikuwa nawatazama wale wapagazi mmoja mmoja, nikitafuta ninayemfahamu.

Jumamosi moja Maganga alinyoosha mkono akamgusa kirangozi. Sijui alitaka nini. Nadhani alitaka tu kujua manyoya yale ni laini au magumu. Yalikuwa magumu, maana yalivunjika. Tulisikia kitu kidogo kikidondoka sakafuni. Nilimtazama Mzee nikisubiri matusi, na matusi hayakuja. Mtu ambaye hanyamazi hata akiwa anakunywa chai alinyamaza. Akamshika Maganga kidevu kwa vidole vyenye udongo, akamgeuzia uso dirishani kwenye mwanga, akamtazama muda mrefu, kisha akapitisha dole gumba taratibu juu ya lile kunyanzi la sikio.

"Sikio hili," akasema, "sitalisahau."

Tulitoka mbio. Maganga alikuwa anacheka njia nzima, sikio lake limepakaa udongo mweupe, nami nilimwambia alifute, alifute sasa hivi, mpaka nikalia. Wiki nzima nilikuwa namtazama darasani kama amepungua urefu.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama kwamba tumbo linaniuma, nikaingia chini ya kitanda na kujifunika gunia la karanga. Nikasikia Maganga akinipigia mluzi wetu nje ya uzio. Akapiga tena. Akakaa kidogo, akapiga tena, mrefu kuliko yote, halafu mluzi ukaanza kwenda mbali, kuelekea barabarani. Nikajisemea, mjinga huyo anajipeleka mwenyewe. Na sikutoka.

Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Mwalimu alipofika kwenye jina lake wakati wa kuita majina, hakuliita. Alisema tu, "Maganga kahamia kijijini," akaendelea na wengine. Msidhani neno hilo lilinituliza. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji vya ujamaa kila mtu aliyetoweka alikuwa kahamia kijijini. Malori yalipita alfajiri yamebeba vitanda, kuku na bibi za watu. Fundi baiskeli wetu kahamia kijijini, mama muuza pombe ya ulezi kahamia kijijini, na wakubwa walipolisema walishusha sauti ile ile wanayoshusha wakisema mtu amefariki, kisha wakatutazama sisi watoto na kuanza kuzungumzia mvua. Nikifichwa jambo, nilijua.

Siku hiyo hiyo nikitoka shule nilipita Ng'ambo, upande wa pili wa barabara, nikijificha nyuma ya mkokoteni wa kuni. Dirisha la duka lilikuwa wazi. Juu ya kizingiti chake kilisimama kisanamu kimoja, hakijapakwa rangi, udongo bado mbichi unang'aa. Kimevaa kaptula. Sikio lake la kushoto limekunjwa kwa juu kama chapati.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba sikuweza kumeza ugali, kwa sababu kila nikifungua mdomo nilifikiri kwamba yeye hawezi kufungua wake. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Na kama Mzee angesikia kwamba nimesema? Nilianza kupita kule kila siku baada ya shule, mbali, kisha karibu kidogo, na nilipomwona Mzee ameinama chumba cha nyuma nilikuwa nasogea dirishani na kunong'ona, "Maganga, ni mimi. Usiogope." Uongo mtupu, maana mwenye kuogopa nilikuwa mimi. Siku moja nikamwekea kipande cha muhogo wa kuchemsha miguuni pake. Kesho yake muhogo haukuwepo. Jamani! Mpaka hapo nilikuwa na tumaini dogo kwamba najidanganya. Tumaini hilo likaliwa pamoja na muhogo. Nikawa nampelekea chakula kila siku, nakikata kwenye sahani yangu mwenyewe, mpaka nikaanza kukonda kama yule mwalimu wa hesabu.

Bibi ndiye aliyeona. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa mfupi, mwenye sauti inayofika stesheni. Alinikuta nafunga kiazi kwenye karatasi, akanikalisha, nikamwaga yote: rafu, kirangozi, sikio, muhogo. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema "Mayo!" akajifunga khanga ya pili kiunoni, akanishika mkono, na huyo Ng'ambo. Nilikuwa naburura miguu nikimsihi arudi, kwa sababu Bibi alikuwa mfupi tayari na nilihofia asingechukua muda mrefu kusinyaa.

"We Mzaramo!" akaita kabla hatujafika mlangoni. "Toka nikuone, mla kwa kupiga ngoma!"

"Hodi hupigi, Mnyamwezi?" Mzee akajibu kutoka ndani. "Au pembe za ndovu zimekuziba macho?"

"Ningekuja na pembe ungeziiba. Si nyinyi mliokuwa mnawapokea babu zetu kwa chumvi, na kuwaaga bila nguo?"

"Tuliwapunguzia mzigo. Mlikuwa mnatembea vibaya."

Nilikuwa nyuma ya khanga nikisubiri Bibi asinyae. Badala yake aliingia moja kwa moja mpaka rafuni, maana kisanamu kilikuwa kimeshachomwa na kupangwa nyuma kabisa ya msafara, akakishika kiunoni na kukitia mkononi mwangu. "Huyu namtwaa. Wewe mtani wangu, huna la kusema."

Na kweli hakusema. Mzee Mwinshehe alikitazama kisanamu kama alivyolitazama lile sikio, nami nikashika benchi. Halafu akaketi. "Ni wa mjukuu wako huyo," akamwambia Bibi kwa sauti ya mtu wa kawaida, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nilimfinyanga kwa ajili yake. Nimekuwa nikingoja aingie. Kila nikitoka mlangoni naona visigino."

Alitueleza. Jumamosi ile baba yake Maganga alikuja mjini na lori kumchukua. Nyumba yao ya shambani ilikuwa imeezuliwa, wanapelekwa kijiji kipya upande wa Usoke, na mikono ya kujenga ilihitajika. Lori lilikuwa linaondoka adhuhuri. Maganga alipita kwetu, kisha akaja dukani akakaa kwenye benchi toka asubuhi, anatazama barabara. Na gazeti letu lilikuwa limefika.

"Nikampa," Mzee akasema. "Nikamwambia soma, leo ni bure. Akakataa kulifungua. Akasema, Kalunde ndiye anayesoma."

Bibi akasema kitu kwa Kinyamwezi ambacho sikukisikia vizuri.

"Basi nikamwambia akae hapo penye mwanga, nimtoe sura, mwenzake akija amkute. Alikaa kimya kabisa. Mkono wake mmoja tu ndio uliokuwa juu ya gazeti." Akafungua droo, akanipa lile gazeti. Kisha akakohoa, na nikaona Mzaramo anarudi mahali pake. "Na ule muhogo ulikuwa hauna chumvi. Nilidhani ni utani mpya, nikaula, lakini Wanyamwezi hamjui kupika."

Nilirudi nyumbani, nikamsimamisha Maganga juu ya kinu na kumsomea gazeti lote kwa sauti. Mwindaji aliokolewa na ndege mmoja mkubwa asiye na maana yoyote. Mwisho wa kijinga kabisa, hata Maganga angeukataa. Kila ukurasa nilingoja kabla ya kufunua. Nilikuwa nimeacha kuogopa kwamba yumo ndani ya udongo. Nikaanza kuogopa kwamba hayumo.

Mwaka jana shule ilitupeleka Urambo kwa treni. Iliposimama Usoke wauza asali walikimbia pembeni ya mabehewa, vijana wa rika langu, na mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote darasani nilikaa kimya nikitazama masikio. Yote yalikuwa yamenyooka. Kwa Mzee magazeti hayaji tena; siku hizi hata sabuni ni ya foleni, nani ataagiza mamba wa kwenye karatasi? Kwenye zile kamba ameanika mahindi ya mbegu. Lakini rafu imejaa. Nyuma ya wapagazi wa zamani kuna fundi baiskeli, kuna mama wa pombe, kuna watoto wa Ng'ambo ambao familia zao ziliondoka, kila mmoja na mzigo wake kichwani, wote wanaelekea upande mmoja. Watoto wa sasa wanaingia, anawatisha, wanacheka. Nawatazama nikijua ni nani kati yao anacheka kwa mdomo tu.

Juzi nilikwenda kumweleza kwamba nimechaguliwa kuendelea na masomo shule moja ya huko pwani.

"Si nilisema?" akapiga kofi gotini. "Nilisema utauzwa!"

Nikamtoa Maganga mfukoni na kumrudisha rafuni, nyuma kabisa, nikasema huko bwenini wezi ni wengi, akae hapa na wenzake. Nilikuwa na utani wa kumalizia hapo, nimeuandaa njia nzima. Haukutoka. Macho ya Mzee yana ukungu sasa; alilowesha vidole kwenye kopo la maji, akavuta donge la udongo, akanisogelea. Nikawa tena na miaka tisa. Nilitaka kukimbia, nami najua kukimbia. Nikakaa kwenye benchi, upande aliokuwa anakaa Maganga, nikageuza uso kidogo kuelekea dirishani ili mwanga uniangukie vizuri.