Mdomo wa Mtutu

Mchana ule kilima cha Rebero kilikuwa kimya, na Venansia, mke wa mwalimu jirani wa kambi yetu, alikuwa ametuletea viazi vitamu. Mimi nilikuwa mkaguzi wa silaha wa kikosi. Gaspari, mlenga shabaha wetu bora, alikuja kula akiegemea bunduki yake kama mkongojo, mdomo wa mtutu ukigonga mawe. Karibu wote tulifanya hivyo. Vilima vilituchosha, tukageuza silaha kuwa fimbo.

Nilipitisha kidole kwenye mdomo ule. Upande mmoja ulikuwa umebonyea, na chuma kimechomoza kidogo. Risasi ikitoka mahali kama hapo, ule moto unaoisukuma hutangulia kuvujia upande mmoja, nayo hupinda tangu mwanzo.

"Hii itakupotosha," nikamwambia. "Niachie niijaribu kwanza."

"Afande, iko muzima. Mimi najua bunduki yangu."

Wenzake wakacheka. Kanuni ilinitaka niichukue pale pale. Niliona haya kuchekwa kwa ajili ya mkwaruzo, nikajitia hamnazo.

Kesho yake asubuhi maadui walifika.

Mmoja wao alimkamata Venansia mlangoni kwake, akajikinga naye. Ilikuwa kama mita mia kutoka tulipokuwa.

Sajini wetu akamwamuru Gaspari apige.

Gaspari alilenga kichwa cha mtu yule. Alitulia, akashusha pumzi. Hakukosea kitu.

Risasi ilikwenda kiganja kimoja kushoto.

Venansia akaanguka. Yule mtu akakimbia.

"Kwenye ripoti andika risasi ya adui," sajini akaniambia. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Methali hiyo ilitoka kinywani mwa mtu aliyeshiba viazi vya marehemu. Hata hivyo nikaandika.

Jioni mwalimu alituletea kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi.

"Asante sana, bana. Mulijaribu kumuokoa."

Gaspari alitoka nje. Mimi nilipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa.

Siku hizi mwalimu anaishi Masaka, pembezoni mwa mji. Tukikutana madukani Muhima hunisalimu kwa furaha na kuuliza hali ya watoto wangu. Waongo wamejaa mjini hapa, lakini hakuna anayenichefua kama mimi mwenyewe. Mara ya mwisho aliniambia anamshukuru Mungu kwamba mke wake hakufa peke yake, marafiki walikuwa karibu.

"Amina, mwalimu," nikamjibu.