Plasta ya Mama Akinyi

Niliondoka Kisumu nikiwa na hasira, sitaficha. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu, nami nilikuwa mfunga plasta za mifupa iliyovunjika hospitalini, mtu wa milimani aliyefuata kazi ziwani. Wagonjwa wa mikono walinichosha: ukiwafunga, hawarudi. Mama Akinyi, mfinyanzi wa vyungu kutoka Nyakach, alikuwa amepitisha tarehe yake ya kufunguliwa plasta kwa miezi miwili. Niliomba ruhusa ya siku moja nikamtafute, na kusema kweli nilitaka kumkaripia.

Saa mbili asubuhi basi liling'oa nanga. Tulipita mashamba ya mpunga ya Ahero, wenzangu wakitafuna karanga, mimi nikipanga maneno makali.

Katito nilishuka sokoni. Vyungu vilikuwa vimepangwa kando ya barabara. Nikauliza vya Mama Akinyi.

"Yake hakuna siku mingi," akasema muuzaji, akanionyesha njia.

Baada ya mwendo wa saa nzima juani nilifika kwake. Mbele ya nyumba palikuwa na kaburi jipya. Mama Akinyi akatoka na plasta yangu ile ile, imechakaa na kuwa nyeusi.

"Pole kwa safari, daktari," akasema, wakati mimi ndiye niliyepaswa kutoa pole. "Mzee alikufa wiki ile nilitoka kwenu. Hapa kwetu mjane mpya hatoki kwenda kwa watu mpaka mila iishe. Na wewe ulisema nisitoe hii kitu mwenyewe. Sikutoa."

"Ungetuma mtu, Mama."

Shemeji yake, aliyekuwa akisuka kamba kando yetu, akainua macho. "Alinituma mimi, bwana. Nilikuja na barua. Wewe ukasema hutaki barua, unataka mkono. Halafu ukaita mtu mwingine."

Uso wake sikuukumbuka. Maneno niliyatambua, yalikuwa yangu.

Nilikata plasta kwa mkasi niliokuja nao. Mfupa ulikuwa umeunga kombo, na vidole viwili vilikataa kukunjika. Akajaribu kufumbata donge la udongo, likaanguka.

"Lakini haiumi," akanifariji. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

Jioni nilipanda basi la kurudi. Nilikuwa nimekwenda kujua kwa nini wagonjwa hawarudi, na sababu moja ilikuwa imeketi kitini pangu.

Jumatatu mzee mmoja alisimama mlangoni na barua ya jirani yake. Nilimpa kiti, nikaisoma mpaka mwisho. Kwa Mama Akinyi, kiti hicho kilichelewa.