Kura ya Kikohozi

Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa anakohoa. Alipoanza kutambaa, kifua kilikuwa kinakwaruza kama jembe kwenye changarawe, na makamasi hayakukauka hata kiangazi. Kijijini kwetu, juu ya Mlalo, miaka ile ya Ujamaa, kila kitu kilikuwa na kikao: mbolea, ngedere, harusi iliyopikiwa wali kupita kiasi. Kikohozi nacho kikapelekwa kikaoni, maana lori la kijiji halikumpakia mgonjwa wa kwenda hospitali ya Lushoto bila wajumbe kuridhia.

Mwenyekiti, ambaye elimu yake yote ya tiba ilikuwa kuugua malaria, alimpapasa mtoto kooni.

“Kimeo. Kimerefuka, kinamkuna. Kikatwe.”

Katibu akasema ni baridi. Mzee wa kanisa akalaumu pilipili alizokula mama akiwa mjamzito.

“Na wewe msomi wetu?” mwenyekiti akanigeukia.

Nikasimama. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nimefuga ndevu chache nilizojaliwa. Nikaeleza kwa kirefu kwamba kifua cha mtoto wa mkulima ni zao la ukoloni. Walinipigia makofi. Hakuna aliyeuliza ukoloni unatibiwa kwa sindano gani.

“Ndugu wajumbe, tupige kura.”

Kimeo kikashinda. Mkata vimeo alikuwa ameshaketi mlangoni ananoa kisu. Alizijua kura zetu kabla hazijapigwa.

Mama akamfunga mtoto mgongoni. “Shikamooni, wazee. Kura yangu naipeleka Lushoto.”

Akadandia lori la kabichi la mfanyabiashara mmoja. Mimi nikamfuata, nikakalia mboga.

Hospitalini daktari aliweka kipimo upande wa kushoto wa kifua, akakunja uso, akakihamishia kulia. Picha ya eksirei ikathibitisha: moyo wa mtoto ulikuwa kulia, na mapafu yake yalishindwa kusukuma makohozi nje, yakatuama humo na kuoza. Alizaliwa hivyo, daktari akasema. Ni ugonjwa wa nadra. Hautapona, lakini mtoto ataishi, mradi kila asubuhi na jioni alazwe kichwa chini na kupigwapigwa mgongoni mpaka makohozi yatoke.

Tuliporudi kijijini hatukukaa sana, mama akaitwa tena kikaoni. Shtaka: kumpiga mtoto.

“Kila asubuhi majirani wanasikia,” mwenyekiti alisema. “Mama, huna haya? Mkoloni mwenyewe alisubiri tukue kwanza!”

Wajumbe wakacheka. Katibu akapendekeza mtoto akae kwa shangazi yake mpaka mama ajirekebishe. Mikono ikaanza kunyooshwa.

 Mama alikaa chini mbele ya meza yao, akamlaza mtoto mapajani, kichwa chini, akaanza kumpigapiga kwa kiganja alichokikunja kama kikombe. Mikono ikabaki hewani. Mtoto akakohoa, akakohoa tena, kisha akatema donge la kijani juu ya kiatu cha mwenyekiti. Halafu akavuta pumzi ndefu, laini, isiyokwaruza hata kidogo. Chumba kizima kiliisikia.

Mwenyekiti akatazama kiatu chake.

“Ajenda inayofuata,” akasema.