Tarakimu Zangu Arobaini na Nane

Ninaona haya kuandika hili, maana kuna watu katika komini ya Kenya (mtaa wa mji wetu, si ile nchi) ambao hadi leo wananiita Papa Arobaini na Nane, na jina hilo nilijipa mwenyewe, polepole na kwa utaratibu.

Nilikwenda kwenye karakana ya Papa Kalonji, fundi wa kompyuta, pamoja na Ngalula, mtoto wa dada yangu, kuchapisha mémoire, tasnifu yake ya kumaliza masomo, ambayo alipaswa kuitetea chuoni mchana uleule, na yote ilikuwa ndani ya kompyuta yangu tu (kuiweka kwenye flashi nilimkataza, kwa kuogopa virusi). Tukingoja umeme urudi, tukabishana juu ya chipu ya usalama, ile inayofungwa ndani ya mashine tangu kiwandani ili itunze ufunguo wa diski. Kalonji aliiamini. Mimi, niliyejisomea mambo hayo miaka mingi, nilimweleza, wateja wakisogea kusikiliza, kwamba huwezi kumwamini mlinzi uliyeletewa na watu usiowajua, na kwamba siri iko salama kwa mwenyewe tu.

“Basi uifukuze, Papa,” akasema Kalonji. “Tuone.”

Ningecheka, yangeishia hapo. Umeme uliporudi nikaingia kwenye mipangilio na kuagiza chipu ifutwe. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, ikauliza tena, na mara zote mbili nilikuwa na hakika. Kisha ikagoma kufunguka, ikadai tarakimu arobaini na nane za dharura.

“Tonton,” Ngalula akasema taratibu, “mémoire yangu iko mule.”

Tarakimu nilikuwa nimeziandika, kwa wino, kwenye daftari, ndani ya sanduku, nyumbani. Nikampigia mke wangu. Mtandao ulikuwa mbaya, ikabidi niweke spika, naye akazisoma kwa Kifaransa, kwa ile sauti ya kuitia watu uani, mimi nikizirudia, na mama muuza mikate mlangoni akinisahihisha (“Apana Papa, alisema neuf, haiko six”), hadi karakana nzima ikawa inaitikia kama kanisani.

Diski ikafunguka. Ngalula akachapisha, akawahi, akafaulu. Kalonji hakucheka, aliuliza tu, “Sasa siri iko kwa nani, Papa?”

Nimebadilisha tarakimu, na sitabishana tena juu ya mashine iliyobeba kazi ya mtu mwingine. Chipu bado siiamini. Lakini ilitunza ufunguo wangu miaka miwili bila kumwambia mtu; mimi nilishindwa asubuhi moja.