Nati za Gurudumu la Kushoto

Gari nililipeleka gereji kwa sababu ya klachi tu. Nalisema hili mapema kwa kuwa baadaye watu waliniuliza sana, ndugu, polisi, hata walimu wenzangu: lilikuwa na shida gani tangu mwanzo? Halikuwa na shida nyingine. Lilikuwa gari kuukuu la marehemu mume wangu, rangi imeliwa na chumvi, lakini lilikuwa tiifu. Nyumbani kwangu ni Bofu, na wakati huo nikifundisha shule moja ya msingi upande wa Mtongwe. Goti langu la kulia lilikuwa limeshakataa kupanda na kushuka matatu.

Fundi alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana wao. Gereji yake ilikuwa kiwanja cha wazi huko Timbwani, kimezungushwa mabati, na turubai moja la kukinga jua. Tuliitana shemeji. Nilipomaliza eda, yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, kila Jumapili, kwenye uwanja wa shule. Alikaa kando yangu ametulia tuli, hata nilipokaribia kuugonga mlingoti wa goli. Tangu hapo hakuna fundi mwingine aliyeligusa gari lile.

Kazi ya klachi ilimchukua siku nne badala ya mbili. Nilipolichukua, klachi ilikuwa laini kama mpya. Kesho yake mwalimu mwenzangu akaniambia taa zangu za nyuma haziwaki hata moja. Nikarudi.

"Labda nimegusa waya nilipokuwa chini," fundi alisema. "Niwie radhi, shemeji."

Akazitengeneza. Baada ya siku mbili gari likaanza kunuka petroli; paipu moja ilikuwa haikubanwa vizuri. Nikarudi tena. Lilipotoka hapo likachemka njiani, kwa kuwa kifuniko cha rejeta kilikuwa kimekaa upande. Kila nilipokwenda na ugonjwa mmoja nilirudi na mwingine, na kila mara ulikuwa katika kitu ambacho awali kilikuwa kizima.

Nilimwona akifanya kazi. Alikuwa hainami tena kutazama injini kama zamani. Alikuwa akiuelekeza uso pembeni, na vidole vyake vikitembea juu ya vyuma, kimoja baada ya kingine. Nilidhani huo ndio uzoefu. Siku moja nilimnyooshea ufunguo, naye akanyoosha mkono shubiri nzima mbali na mkono wangu. Tulicheka wote wawili.

"Jua hili, shemeji," alisema. "Linatia kiwi."

Wenzangu waliniambia nibadilishe fundi. Mimi niliona ningeanzaje kumpita mtu yule na gari la rafiki yake, nikalipeleke kwa mtu baki?

Kisha gari likaanza kuvuta upande wa kushoto nikifunga breki. Jumamosi moja akalivua gurudumu la mbele la kushoto, akazitazama breki, au ndivyo nilivyoamini, akalirudisha. Nikaenda zangu.

Jumatatu nikaanza kusikia mlio. Ko, ko, ko, taratibu, kutoka mbele kushoto. Jumanne niliusikia tena, umezidi. Nitasema kweli: niliusikia. Ilikuwa wiki ya mitihani, nilikuwa nimechoka, na nilimwonea haya mtu yule kumpelekea lalamiko la tano. Nikaiongeza sauti ya redio.

Jumatano alasiri nilikuwa nateremka Timbwani kutoka shuleni. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, ukanishinda nguvu. Mara pua ya gari ikaanguka chini, chuma kikasaga lami, na nikaliona gurudumu langu mwenyewe likinipita, linakwenda mbele peke yake, wima.

Kando ya barabara alikaa mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai. Nilimjua kwa sura. Watoto wa shule walikuwa wakinunua kwake. Gurudumu liliyagonga meko yake, na karai lote la mafuta ya moto likamwagika mguuni pake.

Sitaandika alivyolia. Watu walikuja mbio, mmoja akataka kumpaka dawa ya meno, mzee mmoja akamkemea na kuagiza maji ya baridi. Mimi goti langu sikulisikia kabisa. Nilikaa chini nikampakata kichwa mpaka tuktuk ikaja. Njiani kwenda hospitali alinishika mkono, akaniuliza, "Moto umezimwa? Watoto watapita pale saa hii."

Aliyeliokota gurudumu alikuwa ameniambia palepale kwamba nati hazikukatika. Zilifunguka zenyewe moja moja, maana hazikukazwa.

Nilipomwacha yule mama kwa madaktari nilikwenda moja kwa moja gereji. Nguo zangu zilikuwa zikinuka mafuta ya viazi. Nilimkuta fundi chini ya gari la mtu, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi wakingoja.

"Toka huko!" nilimwambia. "Toka unitazame. Hukukaza nati. Mtu ameungua!"

Alitoka polepole, akasimama akifuta mikono kwa kitambaa.

"Nilizigusa zote, shemeji," alisema. "Wallahi nilizigusa zote."

Nililisikia neno hilo na sikulielewa. Nilimwambia, mbele ya wateja wake, kwamba kama amezeeka akae nyumbani, na kwamba marehemu angemwona siku ile angeona haya kuitwa rafiki yake. Alikuwa ameelekea kwangu, lakini macho yake yalikuwa yakitazama nyuma ya bega langu.

Asubuhi yake, kabla sijatoka, mke wa fundi alibisha hodi. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni na buibui lake, akasema, "Shemeji, haoni."

Jicho la kulia lilikuwa limekufa tangu mwaka uliotangulia. La kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Hospitali waliita presha ya macho, wakasema kilichokwenda hakirudi.

"Alinikataza nisimwambie mtu," alisema. "Alisema mikono yake inaijua kazi."

"Na wewe ulijua kwamba anafungua magurudumu ya watu?"

"Nilijua. Tungekula nini?"

Nilitaka kumchukia mwanamke yule. Lakini nilikumbuka redio yangu.

Polisi waliniita kuandika maelezo. Ofisa aliyekuwa akiandika aliuliza kama niliona au kusikia dalili yoyote kabla ya ajali.

Nikasema, "Hapana."

Halikuwa neno nililolipanga. Lilitoka lenyewe, na lilipokwisha kuandikwa likawa gumu kulifuta. Kisha nikamtaja fundi. Alikuja mwenyewe, mkewe amemshika kiwiko, na akahojiwa nami nikiwapo. Aliulizwa kama mimi mwenye gari nilikuwa na habari ya ubovu wowote.

"Hakujua lolote," alisema. "Kosa ni langu peke yangu."

Ningeweza kusema wakati ule. Nilitazama sakafu.

Hakimu aliyahurumia macho yake, akampa kifungo cha nje. Gereji ikafungwa, mabati yakauzwa. Gari langu lilikokotwa likakatwa chuma chakavu, nami sikwenda kulitazama.

Yule mama alilala hospitali zaidi ya miezi miwili. Nilikuwa nikimpelekea chakula kila Jumamosi, wali, mchuzi, matunda, na wenzake wodini wakanisifu kwa utu wangu. Sifa zile zilinichoma. Jumamosi moja nikavuta kiti karibu, nikamwambia.

"Nilisikia mlio siku mbili kabla. Nilijua kuna kitu, nikaendelea kuendesha."

Mguu wake ulikuwa umefungwa kuanzia gotini hadi vidoleni.

"Sasa unaniambia ili mimi nifanye nini?" aliuliza.

Akaniambia wakati wa kubadilisha bendeji umefika, na hapendi kutazamwa. Nikaondoka. Alipotoka hospitali hakurudi barabarani; hawezi tena kukaa karibu na moto. Dada yake ndiye anayeuza pale sasa. Hunisalimu, nami huitikia.

Nilikwenda pia kwa fundi. Alikuwa amekaa barazani kwake, ndevu zimeota, amevaa kikoi safi. Hata lile jicho la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyomtupia gereji, akasema yamepita. Kisha nikamweleza habari ya mlio, na jibu nililowapa polisi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Gurudumu halitoki kimya, shemeji. Hupiga kelele siku nyingi kwanza. Nilijua umesikia."

"Mbona hukusema?"

"Ingenirudishia macho?"

Tulikaa. Mkewe alileta chai, hakuna aliyeimaliza. Nilipoaga, fundi alinyoosha mkono, nami nikaufuata ulipo, nikaushika.

Nimekwenda tena mara mbili baada ya siku ile. Mara ya kwanza alizungumza nami kidogo, habari za mvua na za afya. Mara ya pili mkewe alinipokea mlangoni, akaniambia mzee amelala, nije siku nyingine inshallah. Nilikuwa nikimsikia ndani, anazungumza na mtu kwenye simu, sauti yake imechangamka. Nikampa mkewe machungwa niliyokuwa nimebeba, nikarudi Bofu kwa miguu.